Rekodi ya Kusindikizwa

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, tangu utosi hadi unyayo. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na kwa kuwa yaliyobaki ni machache, mjue siyachezei. Nikitia chumvi mahali nitasema nimetia. Nisiposema, msiniongezee.

Walikuwepo ndugu wawili wa tumbo moja, wote wanawake, wote wakimbiaji, wote madobi. Mkubwa aliitwa Rekodi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila tangu siku alipokimbia nusu marathoni kwa muda ambao hakuna mwanamke wa nchi ile aliyewahi kuufikia, jina lile lilibaki kwenye cheti kama viatu vya harusi kabatini. Mama mkwe alimwita Rekodi. Daktari wa meno alimwita Rekodi. Juu ya mlango wa duka lake la kufulia na kupiga pasi, mumewe, ambaye ni mchoraji wa mabango, aliandika kwa herufi nyekundu zenye kimo cha mtoto: REKODI DOBI. Mteja aliyechelewa kuchukua suruali yake aliambiwa na yeye ameweka rekodi, na mzaha huo ulikuwa umechekwa mpaka ukachakaa.

Na mdogo je? Mdogo hakuwa na jina. Aliitwa Mdogo wa Rekodi, na wavivu wa kusema walilikata wakabaki na Mdogo. Akienda kununua mkate anaulizwa dada hajambo. Siku alipougua homa, daktari alimwandikia dawa huku akimsimulia jinsi yeye, daktari, alivyomwona Rekodi akimaliza mbio zile kwa macho yake mawili. Hakuchukia. Mtu aliyekulia kivulini hudhani kivuli ndiyo hali ya hewa. Lakini moyoni alikuwa na jambo moja tu: alitaka siku moja aitwe jina lake mwenyewe, na njia pekee aliyoiona ilikuwa barabara ileile aliyoipita dada yake, aipite kwa kasi zaidi.

Miguu ya kazi hiyo alikuwa nayo. Kulikuwa na mbwa mtaa wa pili ambaye hakumwacha mpita njia yeyote bila kumfukuza. Siku ya kwanza Mdogo alipopita akifanya mazoezi, mbwa alimfukuza. Siku ya pili akamfuata kwa adabu. Siku ya tatu akakaa kitako akamwangalia hivihivi, kama mtu anavyoangalia treni. Hapo kwa mbwa nimetia chumvi kidogo. Siku ya tatu mbwa alilala.

Aliyemfundisha kukimbia ni dada yake. Hili nataka mlishike vizuri, maana bila hili hakuna hadithi. Rekodi mwenyewe magoti yalikwisha kumgomea, akawa anakimbia kwa mdomo: alikaa juu ya baiskeli nyuma ya mdogo wake alfajiri, akipiga kelele inua magoti, shusha mabega, pumua kwa tumbo, unakimbia au unakwenda posta? Kisha wote wawili walirudi dukani, wakanywa chai wakiwa wamesimama, wakaanza kazi. Mama yao alikaa kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta akibana vibandiko vya namba kwenye nguo za wateja. Mdogo alipiga pasi: kola kwanza, kisha bega, kisha mikono, kifua mwisho. Rekodi alikunja. Kukunja hakumwachia mtu. Alisema shati hata likipigwa pasi na malaika, likikunjwa vibaya mteja atasema dobi mbovu. Alikuwa na namna yake: pande mbili anazileta katikati, anakunja mara tatu kwenda juu, halafu anapiga kofi dogo, pa, kama anayemlaza mtoto. Ungeweza kuitambua nguo iliyopita mikononi mwa Rekodi hata ukiikuta chini ya bahari.

Mwaka huo shirikisho la riadha liliamua kwamba mbio za mji, nusu marathoni ileile, zipangwe kwa kanuni zote, ili mtu akivunja rekodi ihesabike. Wengi hawajui, wanadhani rekodi ni kukimbia tu. Rekodi, aliyekuwa amekwenda semina ya wasaidizi wa mbio na kurudi na kizibao cha kung'aa na filimbi, aliwaeleza wateja pale kaunta mpaka nguo zao zikapoa. Kwamba barabara haipimwi kwa gari wala kwa macho. Inapimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu, na mpimaji anapita ile njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji mjanja angepita, akikumbatia kila kona, ili asije mtu akasema kaiba hata hatua. Kwamba barabara haitakiwi kuteremka kama maji ya mfereji. Kwamba pa kuanzia na pa kumalizia pasiachane sana, usije ukabebwa na upepo njia nzima halafu ukasema ni wewe. Kwamba saa inaanza bastola ikilia, si wewe ukivuka mstari. Kwamba ukimaliza unapelekwa chumbani kujaza kikombe cha mkojo wa kupimwa, na mama wa watu anasimama anakutazama mpaka kijae.

Mteja mmoja akasema basi kwa masharti hayo ni afadhali kuomba visa. Watu wakacheka. Mdogo alisikiliza yote huku pasi ikimpumulia mvuke usoni, na Rekodi aliponyamaza, alidhani kanuni zimekwisha.

Siku ya mbio Rekodi alipangwa kusimamia kona ya kiwanda cha magodoro, pale ambapo mkimbiaji anabakiza kipande cha mwisho na miguu inaanza kumuuliza maswali. Mdogo alifurahi. Alijua kwamba akifika pale amekwisha, ataona uso anaoujua.

Akakimbia. Sitawachosha na mbio zote. Mwanzoni walikuwa kundi, kundi likawa kamba, kamba ikakatika, na daraja la reli lilipopitwa Mdogo alikuwa mbele peke yake, ana barabara na pumzi zake tu. Gari lenye saa lilikuwa mbele yake, na saa ilikuwa inamwambia jambo ambalo alikataa kuliamini kabla halijakamilika. Alipoikaribia kona ya magodoro miguu ilikuwa mizito kama nguo zilizotoka kwenye beseni. Na hapo akamwona dada yake anatoka ukingoni, anaingia barabarani, anakimbia.

Jamani, magoti yaliyogoma miaka yote yalirudi kazini siku ile. Rekodi alikaa ubavuni pake, kisha akatangulia nusu hatua, mkono unapiga hewa, anasema nifuate mimi, mdogo wangu, nifuate mimi. Akamtilia chupa ya maji mkononi. Wakakimbia hivyo kutoka kona ya magodoro mpaka kituo cha mafuta, na pale Rekodi akabaki nyuma ameshika kiuno, analia, na mtaa mzima unalia naye. Kuna muuza maji aliyegawa katoni nzima kwa kuchanganyikiwa. Mdogo akavuka mstari wa kumalizia, akageuka, akaitazama saa. Alikuwa amempita dada yake.

Kesho yake gazeti lilitoa picha: ndugu wawili barabarani, bega kwa bega, vinywa wazi. Mama aliikata, akaitia kwenye fremu, akaitundika juu ya kaunta. Mteja aliyetaka nguo zake alilazimika kwanza kuisifu picha.

Kisha ukaja muda wa kungoja, maana rekodi haiwi rekodi mpaka kamati iseme ni rekodi. Majibu yalikuja moja moja, na kila jibu likija pale dukani ilikuwa sherehe. Kikombe: safi. Saa za waamuzi: zote zilikubaliana. Baiskeli ilipitishwa tena barabara nzima, na ikaonekana barabara ilikuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, kwa hatua chache. Kwa hiyo Mdogo alikuwa amekimbia na kuzidisha. Shemeji, yule mchoraji wa mabango, akaanza uchokozi. Akamuuliza mkewe aandike REKODI YA ZAMANI DOBI, au aongeze tu neno dogo pembeni ili kuokoa rangi. Wote wakacheka. Rekodi pia alicheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo, kama mwangwi. Mdogo alikisikia kile kicheko kilichochelewa, na alijisuta kwa kukisikia.

Wiki hizo Rekodi alikuwa mwema kupita kiasi. Alimpikia. Alimfulia viatu vya mazoezi kwa mswaki. Alimwambia hata isipokubaliwa, wewe bado ni mshindi wangu, na Mdogo akacheka, akamuuliza kwa nini isikubaliwe na kila kitu kimekubaliwa?

Ndipo akaitwa ofisini kwa mwamuzi mkuu, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia kwa uzi. Ofisi ilikuwa na meza, kabati la chuma, vikombe vya ushindi ambavyo wenyewe hawakuja kuvichukua, na kompyuta. Mwamuzi hakuzunguka mbuyu. Alisema njia ilikuwa halali, saa ilikuwa halali, mwili wake ulikuwa halali. Lakini mtu asiyeanza mbio na wewe haruhusiwi kukimbia na wewe. Akikuongoza, akikupa mwendo, akikupa maji nje ya meza ya maji, umesaidiwa, na mbio iliyosaidiwa haiandikwi. Ushindi atauacha, kwa kuwa hakuna aliyekata rufaa. Ila rekodi haitaandikwa.

"Umesindikizwa," alisema.

"Lakini yule ni dada yangu."

"Ndiyo maana nimekuita mwenyewe, sikukutumia barua."

Mdogo akatetea. Alitetea kama wakili aliyelipwa vizuri. Alisema dada hakujua. Alisema ni furaha tu, furaha haina kanuni, nani amewahi kumwona ndugu yake anapita katika saa ya shida akakaa amekunja mikono? Kwetu mgeni tu anasindikizwa hadi njia panda, sembuse ndugu. Mwamuzi alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeweka kitu cha kuvunjika mezani, kwamba kwenye semina Rekodi ndiye aliyeliuliza hilo swali, na alipojibiwa aliomba lirudiwe. Na asubuhi ya mbio ndiye aliyewakusanya wasaidizi wenzake wa kona zile na kuwaonya. Maneno yake yalikuwa mazuri mno hata mwamuzi akayakariri: hata awe mama yako mzazi, usiingie barabarani, ukimsindikiza, umemzika.

Hata hapo Mdogo hakukubali. Mtu anaweza kujua na akasahau, alisema. Furaha inapanda kichwani kama pombe, unafanya jambo kabla hujajiona unalifanya. Akaomba aione filamu iliyopigwa na kamera ya kona ile, tangu mwanzo, kabla yeye hajatokea kwenye kona, ili amwonyeshe mwamuzi jinsi dada yake alivyoruka bila kufikiri.

Mwamuzi akairudisha nyuma.

Kwenye filamu barabara ilikuwa tupu. Rekodi alisimama ukingoni na kizibao chake cha kung'aa. Kwa mbali watu walianza kupiga kelele, maana walikuwa wamemwona Mdogo anakuja. Rekodi akatazama upande ule, akatazama saa ya mkononi. Akakitazama tena kile kipande cha barabara. Kisha akavua kizibao, kwa kuwa mwenye kizibao ni msaidizi wa mbio na msaidizi akiingia barabarani ni kesi kubwa zaidi. Wala hakukitupa. Alikileta kifuani, akaingiza pande mbili katikati, akakunja mara tatu kwenda juu, akainama, akakiweka juu ya jiwe la ukingo. Akakipiga kofi dogo.

Baadaye kidogo ndipo Mdogo mwenyewe akatokea kwenye picha, amechoka, mdomo wazi, macho yanamtafuta dada.

Mwamuzi aliuliza kama arudishe tena. Mdogo alisema hapana, ameona. Mwamuzi hakuwa ameona kitu; aliona mwanamke anavua nguo ya kazi. Lakini mwenye kupiga pasi meza moja na mtu miaka ile yote anajua. Furaha ikikupanda unavua nguo na kuitupa, unaikanyaga, unaisahau, kesho unarudi kuiulizia. Hukunji. Rekodi alikuwa hakunji nguo akiwa na haraka hata mteja amsimamie na kiboko. Alikuwa akisema ngoja, mkono wangu haukunji mpaka moyo utulie. Pale kwenye kona, moyo wake ulikuwa umetulia kabisa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kama kuna mtu aliyetakiwa kulijua hilo, ni dobi.

Alirudi dukani kwa miguu, akitembea. Watu walimwamkia Mdogo wa Rekodi, hujambo, na aliitikia wote. Ndani kulikuwa na joto la pasi na harufu ya wanga. Mama alikuwa na pini mdomoni, anabana vibandiko. Rekodi alikuwa anakunja mashuka ya nyumba ya wageni, na mteja mmoja, fundi bomba, alikuwa amesimama anangoja suruali. Kila siku Mdogo alipoingia alinyanyua ubao wa kaunta akapita ndani. Siku hiyo alisimama upande wa wateja.

Akawaambia imekataliwa, na sababu yake. Mama akashika kichwa. Rekodi aliliacha shuka, akazunguka kaunta mikono imenyooshwa, na kabla hajafika alikuwa amekwisha kulia. Alijilaumu kwa kila neno alilonalo. Alisema ni yeye, ni ujinga wake, furaha ilimzidi, laiti angejua asingenyanyua hata unyayo. Machozi yalikuwa ya kweli, yalilowesha kola ya Mdogo. Na nawaambia, Mdogo alikaribia kuyapokea. Angeyapokea, mambo yangekwisha pale, na angeendelea kupiga pasi mpaka leo.

"Dada," alisema, "mbona ulikikunja?"

"Nini?"

"Kizibao."

Kilio kikakatika kama bomba lililofungwa. Fundi bomba mwenyewe alishtuka.

Mama akatoa pini mdomoni, akauliza kizibao kipi, na Mdogo akaeleza, polepole, akionyesha kwa mikono: pande mbili, mara tatu, kofi. Hapakuhitajika kueleza zaidi katika nyumba ile. Mama alimtazama mkubwa, akamtazama mdogo, na kwa kuwa mama ni mama alichagua kutokuona. Alisema rekodi ni kitu cha kuandikwa na watu, ndugu haandikwi na mtu. Alisema huyu ndiye aliyekubeba mgongoni, huyu ndiye aliyekufundisha hata hiyo mbio yenyewe, leo kosa moja. Fundi bomba, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mama akamwambia achukue suruali yake akalime nayo.

Rekodi alikuwa amerudi nyuma ya kaunta. Alilishika shuka, akajaribu kulikunja, mikono ikakataa. Pembe hazikukutana. Akaliacha.

"Wewe una miguu," alisema, bila kunyanyua macho. "Utakimbia mwaka huu, utakimbia mwakani. Mimi nikitoa lile neno pale juu ya mlango, nabaki na magoti."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Usikimbie?"

"Ndiyo. Usikimbie, dada nakuomba. Ningekataa, tungegombana, ningekimbia. Lakini ungekuwa umenizuia kwa mbele, nakuona. Wewe ulikuja ubavuni. Ukaniita mdogo wangu."

Shemeji alitokea nyuma na rangi mikononi, ameshika brashi, akauliza kuna nini. Akatazama juu kwenye fremu, akatazama sakafu, akarudi alikotoka.

Kilichomuuma Mdogo si muda uliopotea. Muda miguu ilikuwa inaujua, ilikwisha kuupita mara moja. Kilichomuuma ni kwamba alipokuwa amechoka kuliko siku zote za maisha yake, alimwona mtu anayekuja kumzika, na akafurahi. Ile picha kwenye fremu ilikuwa inasema kweli tupu: uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeokolewa. Hiyo ndiyo aliyoshindwa kusamehe, ule uso wake mwenyewe.

Hakuiondoa picha. Hakutukana. Alichukua kanda yake ya kichwani ya mazoezi iliyokuwa kwenye msumari, akamuaga mama kwa adabu, akatoka. Mwezi haukuisha akafungua meza yake ya pasi kwenye ukumbi mwembamba pembeni ya duka la dawa, meza moja, pasi moja, kamba moja ya kuning'iniza. Hajaandika kitu mlangoni. Ukimuuliza duka linaitwaje anasema bado. Mama huja kukaa naye siku moja, kwa mkubwa siku moja, na anabeba salamu kwenda na kurudi. Zinafika, zinapokewa, hazijibiwi. Nguo anakunja mwenyewe sasa, mara mbili tu, na haipigi kofi.

Na mwaka uliofuata akakimbia tena. Safari hii alikimbia peke yake tangu bastola mpaka utepe. Alipofika kona ya magodoro alikuwa anakwenda hivi kwamba magodoro yenyewe yalitoka madirishani kumtazama. Aliivunja rekodi ile vipande vipande, saa ya kwenye gari ikaona haya ikajifunika. Rekodi alikuwa amesimama ukingoni, ameshika mikono yake miwili nyuma ili isimponyoke, na Mdogo alipovuka mstari, mji mzima, kuanzia muuza mkate hadi daktari, uliita jina lake, lile la kuzaliwa, lile lile—

"Babu," mtu akasema.

Nilikuwa nawasimulia wateja waliokuwa kwenye foleni pembeni ya duka la dawa. Mdogo mwenyewe alikuwa ametugeuzia mgongo, anapiga pasi, na mvuke unanguruma, nikadhani hasikii.

"Hiyo ya mwisho umeitoa wapi?"

Nikasema mtu alinisimulia. Akauliza mtu gani. Nikasema mtu mmoja mwaminifu, msafiri, amekwisha kuondoka. Foleni ikaanza kukohoa.

Akageuka, akaisimamisha pasi kwa kisigino chake. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. "Mwaka uliofuata nilikuwa wa tatu," aliwaambia wateja. "Kwenye kona ya magodoro nilitazama pembeni. Kila nikipita pale natazama pembeni, naogopa mtu atatoka. Mwendo unakatika. Rekodi bado ni ya dada. Nakimbia tena mwaka huu, na babu huyu asinimalizie kabla sijafika."

Nilitaka kusema kwamba nilikuwa natia chumvi ili chakula kilike. Wateja, ambao dakika moja nyuma walikuwa watu wangu, wakaanza kunipangia adhabu. Mmoja alisema nilipie pasi ya foleni nzima. Mwingine alisema ninyamaze mwezi, wakamwonea huruma mke wangu, ambaye angebaki kuyasikia yote peke yake. Mdogo alitikisa kichwa. Alisema ile kona haina msaidizi mwaka huu, watu wote wanataka kukaa kwenye mstari wa kumalizia wapigwe picha. Akasema babu ana miguu mibovu, hawezi kumkimbilia mtu hata akitaka. Huyo ndiye anayemhitaji pale.

Basi nalipa. Nimeanza kulipa jana, kwenye semina ya wasaidizi, siku nzima juu ya kiti cha plastiki, bila ruhusa ya kusimulia chochote. Nimepewa filimbi na kamba. Mwamuzi mkuu alipouliza kama kuna swali, nilinyanyua mkono nikauliza, mkimbiaji akipita, kupiga makofi kunaruhusiwa?

Akasema kunaruhusiwa, mzee, ila uwe umesimama palepale ulipo.